Mzinga Namba Arobaini na Moja

Ng'washi binti Deus alikuwa na kiburi, na tusimsingizie mtu kwamba ndiye aliyemfundisha. Alizaliwa nacho. Pale Cheyo, Tabora mjini, majirani bado wanakumbuka jinsi yule mtoto wa karani wa reli alivyokuwa akihesabu vifaranga vya mama yake mara mbili kila jioni, na mtu mwingine akithubutu kuvihesabu mara ya tatu, mtoto ananuna mpaka kesho yake. Ukubwani kiburi hicho kilimpatia kazi. Alikuwa mtaalamu wa mazingira, mtu anayetangulia mahali barabara itakapopita, kabla ya katapila, akaandika miti ipi itaanguka, chemchemi ipi itazibwa na kaburi la nani litaguswa. Miaka sita kazini, ripoti kumi na moja, na hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kosa la hesabu. Hayo alikuwa akiyasema bila kuulizwa.

Kwa hiyo asubuhi ile ya mwisho wa Oktoba, alipopanda bodaboda kutoka Sikonge kwenda kijiji cha Ilagaja, mkutano wa saa nane mchana haukumtia wasiwasi. Angesimama, angewasomea wanakijiji tathmini yake, angejibu maswali, basi. Kilichomchoma moyo ni ujumbe ulioingia kwenye simu yake alfajiri: "Kabla hujasimama mbele ya watu leo, njoo kwenye mzinga namba arobaini na moja. Njoo peke yako. Wilbroad."

Wiki saba mwanamume huyo hakuwa amemwambia neno. Wiki saba nyuma ndipo Wilbroad alipomweleza baba yake, Mzee Masolwa, kwamba anataka kupeleka posa Cheyo, na mzee akajibu kwamba mwanamke yule hatakanyaga ua wake. Wilbroad akaandika kwamba ni bora waachane kwa sasa. Sababu hakuitaja. Naye Ng'washi, kwa kiburi chake kile kile, hakuiuliza. Alinawa uso, akaingia ofisini akacheka na wenzake, na aliporudi nyumbani alilia mpaka mto ukalowa. Mama yake, Bi Josepha, alisema afadhali, maana hakumsomesha mwanawe ili aende kupuliziwa moshi na warina asali. Angemjibu nini mama yake, na moshi ule ndio aliokuwa akiutamani?

Maana walikutana katika moshi. Mwaka mmoja uliopita, siku yake ya kwanza msituni, nyuki walimvamia, akataka kutimua mbio. Mkono ukamshika kiganja kutoka nyuma na sauti ya kiume, nzito na isiyo na haraka, ikamwambia asimame, nyuki humfuata anayekimbia. Alisimama. Wilbroad alizunguka mbele yake na kinga cha moto kinachofuka, akamtazama machoni, wala hakuuachia mkono mpaka nyuki walipotulia. Kusema kweli, hakuuachia hata walipokwisha kutulia. Alikuwa amesomea ufugaji nyuki mjini, angeweza kupata ajira akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, lakini alirudi Ilagaja kwenye mizinga ya baba yake, na hilo ndilo Ng'washi alilolipenda kuliko yote. Alipenda mtu anayejua kwao.

Aliteremka kwenye pikipiki mwanzo wa mstari wa barabara, akaingia msituni kwa miguu. Barabara mpya ilikuwa ifuate ile njia ya zamani ya misafara, na mahali pengine udongo ulikuwa bado umebonyea kwa nyayo za watu waliobeba mizigo miaka zaidi ya mia iliyopita. Ng'washi alipenda kupita hapo. Babu wa babu yake alikuwa mmoja wao.

Msitu ulikuwa umebadilika. Mwezi wa nane, alipokuja kuhesabu na vijana wake wawili kutoka mjini, miti ilikuwa imepukutika, majani makavu yakilia chini ya viatu. Sasa miti ya miyombo ilikuwa imevaa majani mapya mekundu na mabichi, imechanua, na harufu ya maua ilikuwa nzito hata kichwa kikawa chepesi. Wilbroad alikuwa amesimama chini ya mti mkubwa wa mtundu, amekwisha kuvaa shati lake jeupe la mkutano. Alikuwa amekonda. Ng'washi aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote, akamwonea huruma, halafu akajikasirikia kwa kumwonea huruma.

"Umekuja," Wilbroad alisema.

"Umeniita."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa na maneno ya wiki saba, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe Wilbroad alinyosha kidole kwenye shina la mti, palipoandikwa 41 kwa rangi ya bluu.

"Mwandiko wa nani huo?"

"Wangu. Unajua ni wangu."

"Sasa tazama juu."

Ng'washi akatazama. Mzinga wa gogo ulikuwa umelazwa kwenye panda ya matawi, na kwenye tundu lake nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwa wingi, wanasukumana mlangoni. Mlio wao ulisikika mpaka chini.

"Ripoti yako inasemaje kuhusu mzinga huu?" Wilbroad aliuliza polepole.

Hakuhitaji karatasi. "Mtupu. Umetelekezwa."

"Na mingine?"

"Mizinga mia mbili kumi na miwili kwenye mstari. Mia moja sitini na mitatu mitupu."

"Ulihesabu vizuri. Sema ulihesabu mwezi wa nane."

Akamweleza, bila kumkejeli, na hilo lilimuuma zaidi. Wakisharina asali mwezi wa sita na wa saba, maua huisha, nyuki wakahama kwenda mabondeni kwenye maji. Miyombo ikichanua hurudi. Kila mtoto wa Ilagaja anajua kwamba mwezi wa nane mzinga usio na nyuki si mzinga uliotupwa. Mwenyewe huufagia, akaupaka nta ndani ili harufu iwaite, akaufunga, akasubiri. Alimteremshia mzinga wa mti wa pili, namba arobaini na mbili, ambao nyuki walikuwa hawajauingia bado, akaufungua kifuniko. Ng'washi aliingiza kidole, kikatoka na nta laini, mpya, inayonukia. Kwenye kifuniko ilikuwepo alama iliyochongwa kwa kisu, mistari mitatu na duara. Alama ya nyumba ya Masolwa.

Mwezi wa nane alikuwa ameiona alama ile. Aliipiga hata picha. Hakuuliza maana yake. Tena lipo lililo baya zaidi, nalo lilimrudia pale pale alipokuwa amesimama na kidole chenye nta: Mzee Masolwa mwenyewe alijitolea siku ile kuwaongoza, na yeye Ng'washi, kwa heshima zote, alimwambia apumzike tu nyumbani, maana kazi ilikuwa ni kuhesabu, haikuhitaji mwenyeji. Mzee alikwenda kuketi kwenye kiti chake. Wilbroad hakuwepo, alikuwa amempeleka mama yake Tabora kutibiwa.

"Muhtasari wa ripoti ulisomwa ofisi ya kijiji mwezi wa tisa," Wilbroad alisema. "Uliposema mizinga imetelekezwa, kwa hiyo barabara ikate msitu moja kwa moja kilomita nne na hakuna atakayeumia, baba alisimama akatoka. Nilipomtajia posa wiki ile ile, alisema mkono ulioandika kwamba jasho la wazee wake ni takataka hauwezi kumpakulia chakula."

"Wiki saba ulijua, Wilbroad. Ukanyamaza."

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

"Ningerudi kuhesabu siku ile ile."

"Na watu wangesema mtaalamu kageuza ripoti kwa ajili ya bwana wake. Ingechanwa, na mizinga ingekwenda nayo. Niliona bora nikukose mimi peke yangu kuliko kijiji kizima kukosa msitu." Akaurudishia mzinga kifuniko chake. "Lakini jana nimeshindwa. Nilikuwaza umesimama mbele ya watu, unasoma kosa kwa ile sauti yako ya kujiamini, na wanakuzomea. Wewe hujazoea kuzomewa, Ng'washi. Sikuweza."

Machozi yalimjia, akayarudisha yalikotoka. Alikuwa na hasira naye kwa kumwamulia mambo yake, na alimpenda, yote mawili kwa wakati mmoja. Akatoa daftari kwenye mkoba, akamwambia atangulie. Walitembea saa tatu kwenye mstari. Katika mizinga hamsini aliyokuwa ameiandika mitupu, arobaini na minne ilikuwa na nyuki, na sita iliyobaki ilikuwa na nta mpya. Kwenye kijito Wilbroad alimpa mkono kumvusha, na safari hii aliyechelewa kuuachia ni Ng'washi. Walipofika mahali njia inapogawanyika, Wilbroad alimwomba jambo moja tu: aseme kosa la hesabu, alisahihishe kitaalamu, lakini yeye asimtaje. Ng'washi alifunga daftari, akashika njia ya kwenda mkutanoni.

Mkuu wa timu yao, Prosperi, mtu mzima mpole kutoka Ulyankulu, alimkuta nje ya shule ya msingi, viatu vimejaa vumbi na majani kichwani. Ng'washi alimweleza yote mawili, la mizinga na la Wilbroad, bila kupunguza. Prosperi alikaa kwenye ngazi ya darasa. Alisema kosa la mizinga lingeweza kusahihishwa ofisini kimyakimya, ripoti ikatoka upya, na hakuna ambaye angepata aibu. Halafu akashusha sauti.

"Na la huyo kijana, nani mwingine anajua?"

"Mimi najua."

Prosperi alimwambia kosa ni aibu ya siku moja, lakini akilitangaza na hilo la pili atatolewa kwenye mradi jioni hiyo hiyo, na yeye mwenyewe, akiwa mkuu wake, ndiye atakayesaini barua. Ng'washi alisema analijua hilo, akaingia ndani.

Darasa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Mtendaji wa kijiji, Consolatha, mama mnene wa miwani, alikuwa kwenye meza ya mwalimu akiandika muhtasari wa kikao. Mzee Masolwa alikuwa benchi la mbele, kofia juu ya goti. Ng'washi aliamkia mkutano shikamooni, wazee wakaitikia, na Mzee Masolwa naye akaitikia, lakini akiutazama ukuta. Kwa nyuma, karibu na mlango, lilionekana shati jeupe la Wilbroad.

Ripoti ilikuwa mkononi mwake. Aliilaza mezani.

"Ndugu zangu," alisema, "mwezi wa nane nilikuja hapa kuhesabu mizinga kwenye mstari wa barabara. Niliandika kwamba mia moja sitini na mitatu imetelekezwa. Si kweli. Ni mizinga hai, ina wenyewe, na leo ina nyuki. Nilihesabu mwezi ambao hauhesabiwi, na mwenyeji aliyetaka kunionyesha nilimwambia akapumzike. Nimekosea mimi, wala si vijana wangu, wala si kijiji."

Hakuna aliyezomea. Ng'washi aliyasikia masikio yake yakiwaka, lakini aliinua kidevu akaendelea. Alieleza kwamba barabara inaweza kupinda kilomita hizo nne ikapita upande wa mashariki, kwenye mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kufyekwa zamani, na kwamba shamba la kwanza litakalochukuliwa ni la Mzee Masolwa. Hilo pia hakulificha. Mwisho akaomba hesabu irudiwe mwezi huu wa maua na mtaalamu mwingine, si yeye.

Mama mmoja mrina asali, Apolinaria, akasimama na khanga yake kiunoni. Alisema yeye haelewi. Huyu binti sasa amekwisha kujua mizinga inavyohesabiwa, amekubali kosa kwa mdomo wake, kwa nini aletwe mgeni mwingine aje kukosea upya?

Swali lilikuwa la haki. Ng'washi angeweza kulijibu kwa namna kumi, na zote zingekuwa za kitaalamu. Alimtazama Wilbroad kule mlangoni, naye akatikisa kichwa polepole, akimwomba. Macho yale yalimwambia ajiokoe. Prosperi alikuwa ameinamisha uso. Ng'washi akakumbuka wiki saba za kujifanya hana kitu moyoni, akaona kwamba kiburi cha namna ile kilikuwa cha bei rahisi mno kwa mtoto wa Deus.

"Kwa sababu nampenda Wilbroad Masolwa," alisema.

Kelele ikapanda, ikashuka. Alingoja.

"Nampenda, na nilimpenda kabla ya kuhesabu mzinga hata mmoja. Ripoti sikuigeuza kwa ajili yake. Lakini nikiuficha ukweli huu, kesho atatokea mtu atakayesema niliigeuza, na mtakosa msitu kwa sababu ya moyo wangu. Kwa hiyo aje mtu asiyempenda yeyote hapa, ahesabu. Atapata hesabu ile ile. Na mzee asidhani nimeyasema haya ili anikubali. Kama hanikubali, mizinga itabaki mia mbili kumi na miwili." Akamgeukia Consolatha. "Mama mtendaji, andika na hilo."

Kalamu ya Consolatha ilikuwa imesimama hewani.

Mzee Masolwa aliinuka. Alichukua muda wake, akavaa kofia, akaivua tena. Alisema barabara wanaitaka, mtu yeyote asije akawaelewa vibaya. Mwaka jana tu mkwewe, mke wa kaka yake Wilbroad, alipelekwa kujifungua Sikonge juu ya baiskeli. Babu zake walikwenda pwani na kurudi kwa njia hii hii, pembe begani, na hakuna Mnyamwezi aliyewahi kuiogopa njia. Kilichomkera ni kuhesabiwa kama kitu kilichotupwa. Shamba lake la tumbaku walichukue, akasema, atatafuta lingine. Halafu kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Ng'washi usoni, akamtazama vizuri, kuanzia majani yaliyokuwa bado kichwani mwake mpaka vumbi la viatuni.

"Umekwenda msituni leo," alisema.

"Ndiyo, baba. Nimefika mpaka kijitoni."

"Na mwenyeji?"

"Nilikuwa naye."

Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akamgeukia mtendaji.

"Mbona huandiki?"

Consolatha alisema kwa unyenyekevu kwamba muhtasari huu unakwenda wilayani, na mambo ya mapenzi ya watu hajawahi kuyaandika kwenye muhtasari.

"Leo utayaandika," alisema Mzee Masolwa. "Yaandike kama alivyoyasema, na jina la mwanangu liandike lote. Chini yake andika kwamba baba yake alikuwepo, akasikia, na akajivunia."

Consolatha akainama, akaandika. Nyuma kule Wilbroad alikuwa amejishika kwenye fremu ya mlango, machozi yanamtiririka mbele ya kijiji kizima wala hayafuti. Prosperi naye alikuwa ametoa karatasi nyeupe mkobani, akianza kuandika ile barua ya kumwondoa Ng'washi kwenye mradi, lakini alikuwa akiiandika huku anatabasamu.

Kalamu ilipowekwa chini, Ng'washi aliomba maneno yale yasomwe. Consolatha akasoma. Akaomba yasomwe tena, ili ahakikishe. Yakasomwa. Na Mzee Masolwa aliposimama akaomba yasomwe mara ya tatu, binti Deus hakununa.